Nungunungu Akataa Njia ya Haraka

Nyani, mkaguzi wa lango la mpakani, aliwapitisha bila kuwapekua wanyama aliowasajili kuwa waaminifu. Nungunungu alipekuliwa kila safari.

“Bibi, ng'oa hiyo miiba nikusajili,” Nyani alimwambia. “Ngawa amekubali kukatwa kucha, na leo kapita moja kwa moja.”

“Miiba ni mwili wangu, bwana, si mzigo. Pekua.”

Nyani alikuwa bado anampekua Nungunungu, Ngawa aliporudi mbio, Chui nyuma yake. Bila kucha, Ngawa alishindwa kupanda mti.

“Bibi, tukinge,” Nyani akasihi.

“Pangeni foleni nyuma yangu,” akasema Nungunungu, akaisimamisha miiba yote. Chui akasita, akaenda zake.

Nungunungu akavuka mpaka bila kumwomba mtu ruhusa.