Upande Uliokuwa na Maneno

Swali la mwisho la mtihani wa Kiingereza lilitaka maoni mafupi: wazee waishi na watoto wao, au wakatunzwe kituoni? Saumu alitaka kuandika kwamba mama yake haendi popote, ila Kiingereza cha kulisema hilo kilimpiga chenga. Cha kusifia vituo alikuwa nacho tele, maana mwalimu aliwakaririsha. Basi akachagua upande aliokuwa na maneno yake, kama wafanyavyo watahiniwa wote, akafaulu.

Ila siku hizi maoni ya mtihani ndiyo maoni ya mtu, na serikali huyatekeleza.

Jumatatu asubuhi gari jeupe lisilo na dereva lilisimama mlangoni, likatangaza kwa Kiswahili limemfuata nani na kwa maoni ya nani. Bi Mwanakombo, mama yake Saumu, alikuwa barazani akipepeta mchele.

"Eti wewe ndiye uliyetaka nichukuliwe?"

"Mama, ule ulikuwa mtihani tu! Haki ya Mungu, sikumaanisha!"

Gari likamuuliza Saumu kwa Kiingereza, kwa upole, kama amebadili maoni. Sharti ajibu kwa lugha ileile. Alipojilazimisha, yakatoka yaleyale aliyokaririshwa: wauguzi hodari, chakula bora, bustani ya kupendeza. Aliyasema huku machozi yakimtiririka.

Mlango wa gari ukafunguka.

Bi Mwanakombo, asiyejua Kiingereza hata neno moja, aliweka ungo chini, akamfuta mwanawe machozi kwa upindo wa kanga.

"Nimekusikia ulivyonipigania," akasema. "Inatosha, mwanangu."