Kibati cha Ghala la Magodoro

Kibati kilikuwa mfukoni tangu asubuhi, na kila marehemu aliposifiwa, Namba Mbili alikipapasa kwa kidole gumba. Ilipofika saa tisa alasiri kidole kilikuwa kinamuuma.

Walikuwa wametoka kuzika. Magari ya zimamoto yalikuwa yametolewa nje ya kituo na viti vikapangwa mahali pake, juu ya sakafu yenye madoa ya oili. Mbele kulikuwa na meza, na juu ya meza picha ya Kepteni, helmeti yake na nishani yake ya ushujaa. Namba Mbili aliitazama nishani kama mtu anavyotazama nyama iliyoko kwenye sahani ya mwenzake.

Waliajiriwa siku moja, yeye na Kepteni. Mwenzake alimtangulia hatua moja tu kwenye foleni, akapewa namba moja, yeye akapewa namba mbili, na tangu hapo mambo hayakubadilika. Mwenzake akawa kepteni. Mwenzake akapata nishani. Mwenzake alipostaafu kabla ya wakati kwa sababu ya kifua, cheo kilimruka Namba Mbili kikatua kwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukunja mipira ya maji. Jina la utani likamganda, hata mkewe siku hizi anamwita hivyo. Na sasa hata katika kufa Kepteni alikuwa ametangulia, watu wamejaa mpaka barabarani. Roho ilimuuma kwa wivu, wala hakujidanganya kwamba ile ni huzuni.

"Mimi nitasema la ghala la magodoro," alianza dereva wa gari kubwa, na watu wakasogeza viti. Kila aliyesimama alisema la ghala la magodoro. "Tumeshatoka wote. Tuko upande wa pili tunahangaika na mipira, paa limeanza kushuka. Mara nasikia Kepteni karudi ndani peke yake. Kidogo tu, huyo anatoka na yule mama mlinzi mgongoni. Na hakuna aliyejua kama mle ndani mna mlinzi. Nikamuuliza, bosi, ulijuaje? Akaniambia, moyo ulinituma tu."

"Moyo ulimtuma," waliitikia wengine, wakitikisa vichwa.

Miaka kumi na minne sasa moyo huo unasifiwa. Namba Mbili wakati ule alikuwa nyuma ya ghala. Moshi ulikuwa umemzidi mle ndani, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kunywa maji kwenye bomba la jirani. Hilo ndilo lililomkera mpaka leo. Angekuwa mbele, pengine moyo ungemtuma yeye, na nishani ingekuwa kwenye kabati lake.

Zamu yake ilipofika alipiga moyo konde akasimama. Maneno aliyokuja nayo alikuwa ameyasimulia nyumbani mara nyingi. Mkewe na watoto waliyaamini kabisa. Wenzake wasipoyasikia leo, mbele ya picha ile, basi hawatayasikia tena, naye atazikwa na namba yake ya pili.

"Kepteni alikuwa ndugu yangu," alisema. "Ila siku ile si moyo peke yake uliomtuma. Mimi nilisikia sauti ya yule mama. Mimi ndiye niliyemwambia, rudi, kuna mtu."

Watu waligeuka. Akatoa kibati na kukiinua, kipande cha shaba kilichofifia kwa masizi. Hakuna pale asiyekijua: ukiingia kwenye moto unaacha kibati chako chenye namba ubaoni, ukitoka unakichukua.

"Alipomtua yule mama chini, kabla hajasema na mtu yeyote, alinitia hiki mkononi. Hakusema neno. Nami sikutaka makuu, nikanyamaza."

Dereva alivua kofia. "Miaka yote hii, Namba Mbili? Na sisi tunakutania kila siku?"

Mtu mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Namba Mbili alisikia raha iliyompanda mpaka masikioni. Kwa mara ya kwanza aliitazama ile picha bila kijicho, akatamani Kepteni mwenyewe angekuwepo aone.

Mjane wa Kepteni, aliyeketi kiti cha mbele, alinyoosha mkono. "Hebu nipe nikione, shemeji."

Alisita. Lakini angemnyimaje mjane mbele ya umati ule? Akampa. Mjane alikigeuza, akasoma namba 2 iliyochongwa upande wa pili, akakifumbata. Namba Mbili alirudi kwenye kiti chake.

Kepteni mpya alisimama kufunga shughuli kwa desturi ya kituo, ile ile wanayoifuata kila wakitoka kwenye moto. Namba zinaitwa moja moja, aliyetoka salama anaitika "Nje." Asiyeitika, wenzake wanajua bado yumo.

"Namba moja."

Kimya. Watu waliinamisha vichwa.

"Namba mbili."

Namba Mbili alifungua kinywa, sauti haikutoka. Mjane alikuwa amegeuka kwenye kiti chake anamtazama, kibati kimelala kiganjani mwake.

"Itika leo, shemeji," alisema kwa upole. "Siku ile mume wangu alikuta hiki bado ubaoni, akakuita mara tatu hukuitika, ndipo akarudi ndani kukutafuta."