Makochi ya Bonifasia

Otilia alilipita kochi la kwanza, akaliacha na la pili, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha.

Bonifasia alimtazama wifi yake huyo, damu ikimchemka. Watu walikuwa wakitoka hata Mbinga mjini kuja kuyaona makochi hayo, na yeye anakalia saruji! Wifi ndivyo alivyo: hata umkaangie ini lako, atauliza figo umemfichia nani.

"Wifi, viti huvioni?"

"Nimeviona. Hapa panatosha."

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipopanda na malori yao hadi Matiri, Florian, mumewe Bonifasia, aliwauzia mavuno yote akaleta makochi kutoka Songea. Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo, na ukoo ulinuna. Wa kwanza kununa alikuwa Otilia, dada mkubwa wa Florian, aliyeolewa kule ziwani, Liuli. "Mmepata starehe," alisema siku ile, na neno lenyewe alilitema.

Bonifasia hakusahau. Alimuuliza mumewe, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiswahili, starehe ni kitu gani hasa. Florian alimweleza kwamba neno limetoka kwa Waarabu, na kwao lilikuwa la kupumzika. Watu wa pwani, akaongeza, humwambia hivyo mtu anayetaka kuinuka kwa heshima yako: starehe, kaa ulivyokaa, usijisumbue. Bonifasia alilipenda hilo la kupumzika; hayo ya kuinukiana akayaacha hukohuko pwani. Akachukua uzi mwekundu, akafuma STAREHE kwenye kila kitambaa cha kochi, ili wifi akija asome.

Leo amekuja, na hata kusoma hasomi. Amepakata koti la mwanamume. Bonifasia alilitambua.

"Hilo si la Florian? Kashuka Liuli juzi kununua dagaa wa kulisha vibarua, umeshamvua na koti?"

"Nimelirudisha nyumbani kwake," alisema Otilia bila kumtazama. "Ziwa limechafuka tangu jana, wifi."

"Ziwa ni lenu. Mimi namtaka mume wangu na dagaa wake. Sema kilichokuleta."

"Tuwangoje wazee. Wako njiani."

Wazee! Basi mambo yalikuwa wazi. Florian hayupo, na ukoo umepata mwanya wa kuja kumpora mkewe. Bonifasia alijipweteka kwenye kochi kubwa, akaling'ang'ania kwa mikono miwili.

"Waambie wazee wako, hapa sitoki. Roho zenu zimejaa kutu! Florian akirudi atawatimua mmoja mmoja."

Otilia alilikunja lile koti upya, polepole, akalibana kifuani.

Wanaume wanne wakaingia, viatu wameviacha mlangoni. Mmoja alikuwa jirani yao Nicholaus, Nicholaus huyohuyo aliyekunywa chai juu ya makochi hayo Jumapili iliyopita! Hawakusalimia. Wakainua kochi la kwanza, wakalitoa nje. Wakarudi, wakatoa la pili, na meza.

"Wezi! Nicholaus, hata wewe? Mchana kweupe?"

Alimrukia, akamparura shingo kwa kucha. Nicholaus alivumilia tu, macho chini. Kochi kubwa nalo likatoka, na kitambaa chake kikaanguka mlangoni. Bonifasia alikiokota, akakitazama. Akaketi sakafuni kando ya adui yake, akilia kwa hasira. Otilia alimwekea mkono begani. Akausukuma.

"Mmefurahi sasa? Mmeniacha na saruji!"

Hapo akaingia Mzee Placidi, baba mkubwa wa Florian, kofia mkononi. Chuki ni chuki, lakini mkwe ni mkwe: Bonifasia alijifuta machozi, akaweka mkono sakafuni ili ainuke amwamkie.

"Starehe, mwanangu," mzee alimzuia. "Kaa hapohapo na wifi yako. Gari linalomleta Florian limeshapita Mbinga mjini, na jeneza linahitaji nafasi."