Futari Melini

Ujumbe haukwenda. Soud aliutuma tena: "Magharibi imeingia. Fungua." Alama nyekundu ikarudi.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tatu usiku, Kilburn, London, ambako jua la kiangazi huchelewa kutua. Binti yake Miska alikuwa katika meli ya utafiti huko Aktiki, akihesabu nyangumi wanaoibuka kuvuta pumzi. Kule, mwezi Juni, jua halitui kabisa. Alikuwa akilipa saumu za Ramadhani, na kabla ya kuondoka alisema: "Nitafuata saa za London, Baba. Lakini nitafungua kwa kauli yako tu. Usipoandika, sili."

Soud alimwambia kuwa msafiri ana ruhusa ya kula. Miska akashikilia lake. Basi kwa siku kumi na moja hakumchelewesha hata dakika moja. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawasiliano yao pekee, naye aliyapenda hivyo. Tangu Soud alipoanguka bafuni mwezi Machi, Miska alikuwa akimpigia simu mara nne kwa siku, hadi akamkataza. "Mimi si mgonjwa wa kuchunguliwa."

Akajaribu mara ya tatu. Wapi. Akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika arobaini. Akashuka ngazi.

Bijou, jirani wa chini kutoka Kongo, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazi yake ya kutunza wazee.

"Papa Soud! Unakimbia wapi na malapa?"

"Mwanangu ana njaa."

"Miska? Si eko ndani ya meli?"

"Ana njaa huko huko."

Bijou akaichukua simu, akaitazama, akacheka. "Papa, umefinya ndege! Njo maana mtandao hakuna. Unafikiri uko uwanja wa ndege wa Heathrow?" Akaigusa picha ya ndege mara moja, akamrudishia.

Soud hakucheka. Aliandika: "Magharibi iliingia saa tatu na dakika ishirini na moja. Kosa langu. Kula, mwanangu."

Safari hii ujumbe ukapita.

Melini, Miska aliusoma mara mbili. Akakitua kikombe cha chai, cha tatu tangu mchana, akarudi kwenye simu ya dharura ya nahodha.

"Msiuvunje mlango," aliwaambia polisi wa London. "Baba yangu yu hai."