Nyumbani kwa Droni

Zaituni aliirusha droni kutoka kwenye mashua kumtafuta mdogo wake, Masumbuko, ambaye mtumbwi wake ulipinduliwa na dhoruba ziwani. Ikamwona! Alikuwa amekumbatia dumu la njano, akaipungia mkono. Zaituni akapiga picha. Mara chaji ikawa inakwisha, droni ikageuka yenyewe kurudi nyumbani.

“Si inatujia, dada?” aliuliza nahodha Lugendo.

“Haitujui sisi. Nyumbani kwake ni pale iliporushwa, na mkondo umeshatutoa pale.”

“Masumbuko yuko upande gani?”

“Sijui, kaka. Kwenye picha, pande zote maji.”

Alibonyeza kila kitufe cha rimoti, droni haikumtii. Kule mbali droni ikashuka taratibu, ikatua juu ya maji kana kwamba imefika.

Zaituni akabaki na ile picha: Masumbuko anacheka, maana ameshaonekana.