Pika Hata Kama Hujui

Phelesia alifunga mlango wa jikoni kwa nje, akavuta kiti, akaketi papo hapo mlangoni.

"Nyar Migori!" akaita kupitia nyufa za mbao. Maana yake binti wa Migori. Hapa kisiwani Mfangano mke mgeni huitwa kwa jina la kwao. "Leo hakuna wifi wa kukusaidia. Omena, sukuma, ugali. Ukinishibisha, kesho nakupa mafiga yako, upike kwako na mume wako. Ukiniharibia unga, Jumatatu kuna boti. Utarudi kwa mama yako umalize masomo ya jikoni."

"Sawa, mama," Lynnet akajibu kutoka ndani.

Kosa lilikuwa lake. Siku ya posa aliulizwa kama anajua kupika, akajibu, "Kila kitu." Na kweli alijua kila kitu: kibanda kipi cha Migori mjini kina chapati laini, na kipi kinaongeza maji kwenye ndengu. Kuwasha kuni ndiko hakukuwahi kumpitia mikononi. Ochieng, mumewe, angemtetea, lakini alitumwa ng'ambo, Mbita, tangu asubuhi, na aliyemtuma si mwingine ila mama yake.

Jikoni palikuwa na dirisha moja, upana wa sahani. Mtu hakupita hapo. Mtandao ulipita.

Akasukuma kuni zote kwenye makaa ya asubuhi, moshi ukajaa, kisha akachomoa simu aliyoificha kifuani. Mwezi mzima alikuwa akifuata ukurasa mmoja wa mapishi, Pika Hata Kama Hujui: vyakula vya bei ya chini, kwa watu wasiojua hata chumvi inakaa wapi. Sura haikuonekana, sauti haikusikika. Maandishi tu, na mikono miwili ndani ya glavu za bluu. Ile ya kushoto ilionekana kubwa mno, kidole chake cha mwisho kikining'inia kama soksi iliyovuliwa nusu.

"Dada, nisaidie," akaandika. "Mama mkwe amenifungia jikoni. Omena, sukuma, ugali. Nikikosea narudishwa kwetu."

Jibu likaingia kabla hajamaliza kupangusa macho.

"Tulia. Toa kuni moja, moshi umezidi. Omena ni dagaa wenye mchanga: mwagia maji moto, osha mara tatu, chuja zikauke."

Akatoa kuni moja. Kifua kikamfunguka.

Nje, baba mkwe akakohoa. Mzee Javan alikuwa ameingia jana jioni kutoka Masara. Huko amechimba dhahabu miaka ishirini, na dhahabu hiyo ndiyo iliyomsomesha Ochieng. Nyumbani huonekana mara moja kwa miezi miwili. Sasa alikuwa ameegemea ukuta, koti limemfunika, mkono mmoja mfukoni, mwingine kwenye simu.

"Baba Ochieng, hiyo simu utaioa?" Phelesia akamuuliza.

"Naangalia bei ya dhahabu. Na yako si ilishakuoa zamani?"

"Yangu ni ya kanisa," Phelesia akasema, kidole kikiendelea kubonyeza. "Na ondoka hapo, watu watasema unanusa sufuria."

"Mimi? Tangu nizaliwe sijafunua sufuria. Mwanamume akifunua sufuria, amebaki mwanamume wa nini?"

Lynnet akachungulia ufa. Phelesia alikuwa amevaa miwani, anaitazama simu yake na kutabasamu peke yake. Hapa, Lynnet akawaza, hakuna wa kunionea huruma.

Simu ikatetemeka.

"Kaanga omena peke yake hadi ziwe kavu, ukizikoroga zilie. Kitunguu baadaye. Nyanya mbili zinatosha, hii si harusi. Majani ya sukuma yakate membamba, lakini kunja vidole! Kisu hakina msamaha."

Akakunja vidole. Akakata. Akakoroga unga, nao ukamgeuka: mabonge, makubwa kama mawe ya kombeo.

"Dada, mabonge!"

"Yaponde ukutani mwa sufuria. Usiongeze maji. Na usilie juu ya omena, chumvi umeshatia."

Akacheka, kamasi na yote. Akaponda. Akasonga hadi mabega yakawaka moto, na mwisho ugali ukakubali kuacha sufuria.

"Sasa kamulia omena ndimu, epua. Umemaliza."

Kufuli ikalia. Phelesia akaingia, akachota omena kwa vidole, akatafuna. Akachota tena, na hapo Lynnet akaanza kuhesabu nguo zake kichwani, ipi itaingia begini kwanza.

"Nani alikufundisha kumalizia na ndimu?"

"Dada mmoja, mama."

"Huyo dada anajua." Phelesia akalamba kidole. "Mafiga yako kesho. Haya, kamnawishe baba."

Lynnet akapiga magoti mbele ya Mzee Javan na jagi na beseni. Mzee akanyoosha mkono wa kulia peke yake.

"Nawa yote, wewe!" Phelesia akamkaripia. "Mtoto wa watu atafikiri huku tunakula na uchafu."

Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni polepole, kama usiotaka kuonekana. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Macho ya Lynnet yakabaki kwenye pengo hilo, maji yakamwagika sakafuni.

"Usiogope, nyar Migori," Phelesia akasema, kifua mbele. "Hicho alikiacha Masara. Mwamba ulimwangukia shimoni, na kesho yake akarudi kazini. Huyo ndiye mwanamume."

Mzee Javan akamtazama Lynnet jinsi mtu anavyoutazama mlango uliofungwa kwa nje.

Lynnet akainua jagi, akaendelea kummiminia maji taratibu.

"Pole, baba," akasema. "Mwamba hauna msamaha."