Jiwe la Thaddeus

Mzee Lemuel Ostrander alikuwa mwana wa Thaddeus, na Thaddeus mwana wa Gideon, aliyejenga kanisa la kwanza la Tarrow, katika jimbo la Nebraska. Watu wa ukoo huo hawakuchelewa ibadani, hawakuvunja ahadi, na walipotiwa mpira mkononi hawakuudondosha.

Hili la mpira ndilo alilolikariri Mzee Lemuel msimu mzima, kwa kuwa mjukuu wake, Colby, aliichezea timu ya Chuo cha Tarrow, nayo timu hiyo ilikuwa imefungwa kila mechi tangu Septemba. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ambao mchezaji huukumbatia kifuani na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja ulio upande wa wapinzani, huku majitu yakiwania kumwangusha.

"Baba yangu," alisema Mzee Lemuel, "siku ya fainali kwa mahasimu wetu wa Brannock, aliudaka mpira akakimbia nao uwanja mzima. Adui hata mmoja hakumgusa!"

"Hata mmoja, Babu?"

"Walisimama wakimtazama, vinywa wazi. Waliomkimbiza ni wenzake, wakiliita jina lake hata sauti zikawakauka. Hayo ndiyo mapenzi!"

"Mkashinda kwa ngapi?"

"Mwungwana hahesabu. Baba hakupata kuitaja siku ile nyumbani. Nilipomwuliza, aliinuka mezani akaenda kuwalisha farasi. Unyenyekevu, kijana. Unyenyekevu!"

Katika ukumbi wa chuo ilitundikwa picha ya timu ya mwaka ule, na pale alipokuwa amesimama Thaddeus palikuwa na tundu, pamekatwa kwa wembe. Mzee Lemuel aliwaonyesha wageni tundu lile kwa fahari: watu walimpenda mno, hata mmoja wao akaondoka na sura yake.

Colby alitamani kusikia neno moja tu kutoka kwa babu yake: heko. Kila baada ya kufungwa alikuja kula chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharagwe, na mkate wa mdalasini aliopika bibi yake, akangoja. Akapewa Thaddeus.

Mechi ya mwisho ilikuwa kule kule Brannock. Ilisemekana kwamba karibu na lango la uwanja wao, mahasimu hao walikuwa wamesimamisha jiwe lenye jina la Thaddeus. Mzee Lemuel hakuwa amelitia machoni. Baba yake alimkataza kukanyaga pale, naye, mwana mtiifu, akalishika katazo hilo hata baada ya mazishi. Lakini sasa damu ya Thaddeus ingecheza katika uwanja ule. Akavaa koti lake la ibada, akaenda.

Mkusanya tiketi, mkongwe mwenye kofia ya manjano, alilisikia jina akashtuka.

"Ostrander? Wa Thaddeus?" Akaivua kofia. "Pita, mzee wangu, pita! Jina hilo hapa kwetu halilipi kiingilio. Na mjukuu wako akitaka kumwiga mzee wake leo, tutambeba mabegani!"

Akacheka hata akakohoa. Mzee Lemuel akaitikia kwa kichwa. Kumbe hata adui ana adabu.

Theluji ilianguka mchana kutwa. Dakika za mwisho, Tarrow wakiwa nyuma kwa pointi nne, mpira ulimfikia Colby. Akaudaka. Kisha, badala ya kukimbia, akasimama kidogo, akatazama mwisho huu wa uwanja, akatazama na ule, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Ndipo akachomoka. Wawili walimshika, akawaburuta; wa tatu alimrukia, akampisha; akavuka mstari wa mwisho akiwa amebaki na kiatu kimoja.

Pointi sita! Tarrow walikuwa wameshinda. Vijana walimbeba Colby juu juu hadi kwa babu yake.

"Babu, tumeshinda!"

"Nimeona. Lakini mbona ulisita? Ya nini kutazama huku na huku? Baba yangu hakutazama kokote!"

"Ndiyo, Babu," alisema Colby taratibu.

"Mzee, leo tu mwonee huruma," lilidakia jitu moja la timu. "Jamaa katufufua, tulishanuka!"

"Kimya! Mmeshinda mara moja mnavimba kama vyura. Nifuateni nikawaonyeshe mchezaji."

Akawatangulia hadi kwenye jiwe. Lilikuwa limefunikwa na theluji, na miwani yake imeingia ukungu.

"Babu, twende zetu," Colby alimsihi, akimshika mkono. "Baridi kali hii. Na kule kwenye magari wenzetu wanachoma nyama, zitaungua. Tutalisoma siku nyingine."

"Ziungue!" Mzee Lemuel aliuchomoa mkono wake, akapanguza theluji kwa kofia yake, kisha akasimama wima. "Vijana, vueni kofia, fungueni masikio, na mlishike hili mpaka mzeeke: asiyewasikiliza waliomtangulia hupotea njia. Colby, soma. Kwa sauti, mpaka wa nyuma asikie!"

Colby alisogea hadi mbele ya jiwe. Kisha akasoma:

"Kwa Thaddeus Ostrander wa Tarrow, shukrani za daima kutoka Brannock. Hakuna aliyekimbia kama yeye siku ile. Lau angalikumbuka upande upi ni wa kwao, tungalifungwa."